Katibu Mahsusi na Msongo wa Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisomea uhazili Tabora, wakati darasani bado tunagonga taipureta, na tangu hapo nimekalia kiti cha katibu mahsusi miaka ishirini na miwili: ofisi nne, mabosi kumi na mmoja. Siku hizi serikalini cheo chetu kinaandikwa Mwandishi Mwendesha Ofisi, ila simu ikilia bado wanasema "nipe sekretari". Maswali haya nimeulizwa na wadogo zangu wa kazi kwenye korido, kwenye daladala, na zaidi kwenye sauti za WhatsApp zinazoingia saa nne usiku mtu akishalaza watoto. Ninapotaja sheria nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira.

Kuchoka na msongo wa kazi si kitu kimoja?

Vinafanana kwa mbali tu. Uchovu unaisha ukilala. Msongo unalala na wewe na kuamka kabla yako. Ukirudi nyumbani kiuno kinauma lakini unacheka na watoto, umechoka. Ukirudi mtoto akakuamkia shikamoo, ukamjibu kama unavyomjibu mgeni aliyekuja bila miadi, hapo pana jambo jingine.

Mwili ukihisi hatari hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, sukari inamiminwa kwenye damu. Sasa katibu hakimbii wala hapigani. Amekaa, anatabasamu, anasema "karibu, keti, anakuja sasa hivi." Mwili umeandaliwa na haujatumika. Jambo hilo likijirudia kila siku kwa miezi, usingizi unakatika, tumbo linachafuka, presha inaanza kupanda.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeutaja uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi. Halikuuita ugonjwa, limeuita hali inayotokana na ajira, yenye sura tatu: nguvu kukuishia, kuikinai kazi yako, na kuona hakuna cha maana unachofanya. Mimi naongeza ya nne ya kwetu: kuogopa mlio wa simu ya mezani.

Maamuzi mazito anayabeba bosi. Kwa nini presha inampanda katibu?

Kwa sababu hiyohiyo, kwamba maamuzi ni ya bosi. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kuwa kazi inayoumiza zaidi ni ile inayodai mengi na kumpa mtu kauli kidogo. Ukiwa na uwezo wa kusema "hii nitaifanya kesho asubuhi", mzigo unabebeka hata kama kilo ni zilezile.

Uingereza walilipima hili kwa watu wa ofisini hasa. Kuanzia 1967 walifuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 jijini London. Michael Marmot ndiye jina linalotajwa sana katika kazi hiyo. Ungetegemea wakubwa ndio waanguke kwa moyo. Ikawa kinyume: wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo matarishi na walinda milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kiasi cha mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na sigara na presha havikutosha kueleza pengo lote. Utafiti wa pili ulioanza 1985 ukachukua watu 10,308, safari hii na wanawake na makarani, nao ukaonyesha kuwa kukosa kauli juu ya kazi yako ni sehemu ya chanzo. Marekani nako, katika utafiti wa moyo uliofanyika mji wa Framingham, matokeo yaliyotoka 1980 yaliwagusa makarani wanawake: hatari ilikuwa kubwa kwa mwenye bosi asiyemuunga mkono na kwa anayemeza hasira.

Kumeza hasira. Chuoni tulipimwa hatimkato, mwandiko wa mkato wa kufuata maneno yanayosemwa, maneno mia kwa dakika. Hakuna aliyetupima kumeza, na ndiko tunakotumia nguvu nyingi.

Miaka kumi na minne iliyopita mzee mmoja alikuja na faili la kiwanja chini ya kwapa, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza yangu tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeshaambiwa: "Sitaki mtu." Nikamwambia mzee, mkubwa ametoka. Saa nne kasoro mtu akakohoa ndani. Kikohozi cha bosi yule jengo zima lilikijua. Mzee akaniangalia. Hakusema neno, akachukua faili lake akaondoka, na mimi nikabaki na aibu isiyo yangu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: hasira ya nje na amri ya ndani zinakutana mezani kwako, na huna mamlaka juu ya yoyote kati yake.

Basi bosi akiniambia niseme hayupo, nisemeje?

Tangu kikohozi kile niliacha kusema hayupo. Nasema, "Hapokei wageni kwa sasa. Naomba niandike shida yako na namba ya simu." Mtu akikataliwa kwa ukweli anakasirika kidogo, akidanganywa anakasirika na kukudharau. Bosi nilimwendea kwa adabu: "Mzee, nitakulinda na wageni, ila naomba nisiseme umetoka, maana gari lako wanaliona pale nje." Hoja ya gari ilimshinda.

Nina mabosi watatu na kila mmoja anasema yake ni ya haraka.

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote.

Ijumaa, saa nane na robo mchana. Mkuu wa kwanza anataka makabrasha ya kikao cha Jumatatu, nakala kumi na mbili, zimefungwa. Wa pili ana barua ya kwenda wizarani leo leo. Wa tatu anadai muhtasari wa kikao cha wiki iliyopita, ambao rasimu yake amekaa nayo siku nne bila kuisoma. Printa inatoa michirizi. Wino umeombwa tangu mwezi jana. Wote watatu wamekuambia "dakika tano tu".

Nilichokuwa nafanya zamani ni kuchagua mwenyewe kimyakimya, nikakimbizana, mmoja akafurahi na wawili wakaninunia hadi Jumatano. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa najibebesha uamuzi usio wangu. Kipi kitangulie ni suala la wakuu. Warudishie. Andika kazi zote tatu kwenye karatasi moja na muda wa kila moja, ingia nayo: "Naomba mwongozo wenu. Nina saa moja, naweza kumaliza mbili kati ya hizi. Ipi isubiri?" Sauti ya kawaida, bila kununa. Kama hawakai pamoja, mpelekee yule anayekufanyia tathmini. Mara ya kwanza watashangaa. Mara ya tatu wataanza kuulizana wenyewe kabla ya kuja kwako, na hilo nimeliona kwa macho yangu katika ofisi mbili.

Pamoja na hayo uwe na daftari. Dispachi, lile daftari la kusainiwa barua zinazotoka, unayo, inakulinda barua ikipotea. Na muda nao uufungulie dispachi yake: kazi gani, imeletwa na nani, saa ngapi, inatakiwa lini, imetoka lini. Sentensi moja kwa kila kazi. Siku ya kuambiwa "nilikupa tangu Jumatatu", unafungua ukurasa. Kwa walio serikalini linasaidia pia wakati wa kujaza utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, maana kazi yetu nyingi haionekani. Nani anahesabu simu ulizozima zisimfikie mkubwa?

Bosi hatoki mpaka saa kumi na mbili, nami naona aibu kutangulia. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada ziwe kwa makubaliano, zisivuke 50 katika wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Wapo waajiri wanaosema katibu ni menejimenti, hastahili. Wanaoondolewa katika masharti hayo ni wale wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Katibu anaripoti juu, sawa, lakini anamsimamia nani? Serikalini muda wa kawaida ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na malipo ya ziada yanapitia taratibu za utumishi na fungu la bajeti. Fungu, mnalijua wenyewe.

Ila sheria haiji kukufungulia mlango jioni. Anza na kuuliza. Bosi wangu wa sita alikuwa anatoka saa moja kasoro usiku, nami nilimsubiri kwa heshima miezi saba, mtoto wangu akichukuliwa shule na jirani. Siku nilipojipa moyo nikamwambia naomba Jumanne na Alhamisi nibaki hadi atoke, siku nyingine niondoke saa kumi, alicheka. Hakuwa na kazi yoyote saa zile. Alikuwa anasubiri foleni ya Barabara ya Morogoro ipungue, na alidhani mimi nasubiri hiyohiyo.

Na chakula cha mchana?

Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Usile chakula kwenye meza yako ya kazi. Hotpoti ikiwa droo ya chini, utafunguliwa mlango na mtu mwenye shida kila ukinyanyua kijiko. Mpange na mwenzako wa masijala mshikiane mlango kwa zamu.

Kununua LUKU ya bosi, kufuata nguo zake kwa dobi, kumchukua mwanawe shule: hizo nazo ni kazi zangu?

Hazimo kwenye muundo wa kada yetu. Nakiri nimewahi kuzifanya, na zingine nilizifanya kwa mapenzi, msiba ukiwa kwake au mke amelazwa. Tatizo ni msaada unapogeuka ratiba. Jibu langu huwa, "Nikienda kwa dobi sasa, barua ya bodi haitatoka kabla ya saa nane. Nitangulize ipi?" Wengi wanachagua barua.

Wageni wananifokea, wengine wananiita "we binti" na nina miaka arobaini na mbili.

Mgeni anayefoka mara nyingi ameshazungushwa milango mitatu kabla ya wako. Msikilize mpaka pumzi imwishie, andika jina lake mbele yake, mwambie hatua inayofuata na siku. Kuona kalamu inatembea kunamtuliza mtu kuliko "samahani" kumi. Anayetukana au kutaka kukushika ni habari nyingine: nyanyuka, ita mlinzi, na uandike taarifa siku hiyohiyo. Baada ya mgeni mkali toka nje dakika tatu. Nenda kanawe uso hata kama hauna vumbi.

Kinachonimaliza ni siri. Najua mambo na siwezi kumwambia mtu.

Hili watu wa nje hawalijui. Nimewahi kuchapa barua ya kumsimamisha kazi mwenzangu saa tatu na nusu, na saa nne tukanywa naye chai na chapati, akinisimulia mipango yake ya kumalizia kuezeka nyumba. Barua aliipata saa nane. Hajanisemesha tangu siku ile, na sikuwa na njia nyingine. Tumekula kiapo cha kutunza siri, na kwa nyaraka za siri za serikali kuvujisha ni jinai.

Nilichojifunza ni kutenga jambo na uzito wake. Jambo linabaki kwenye faili. Uzito unaruhusiwa kuutua. "Leo nimechapa kitu kimeniumiza" hakivujishi chochote, na mume, dada au shoga mwenye akili hatauliza zaidi. Bora kuliko wote ni katibu mwenzako wa ofisi nyingine kabisa, kwa kuwa anajua bila kuambiwa. Chama chetu cha makatibu mahsusi, TAPSEA, watu wanakisema kwa mikutano na sare za vitenge. Mimi nilichopata huko ni wanawake wanne ninaoweza kuwapigia simu nikalia bila kutaja jina la mtu. Ukienda kwa mshauri nasaha au daktari, naye anafungwa na siri ya taaluma yake, na hahitaji kujua kilichomo kwenye faili.

Ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku nijibu?

Kama mkubwa anasafiri alfajiri na tiketi haijatoka, jibu. Kama ni "kesho nikumbushe", jibu asubuhi saa moja na nusu: "Nimepokea." Ukijibu usiku mara tano umeshafungua ofisi ya usiku. Zima mlio wa makundi ya kazi, uuache kwa simu ya bosi peke yake. Mfumo wa e-Ofisi umepunguza kubeba mafaili kwenye ngazi, nashukuru, ila umeleta bosi anayepitisha dokezo Jumapili kitandani na kutarajia uone.

Mgongo, macho, na viganja kufa ganzi: hivyo navyo ni msongo?

Vinalishana. Mtu mwenye wasiwasi anapandisha mabega bila kujua, na mabega yakipanda saa sita kwa siku shingo inauma. Weka skrini juu usawa wa macho. Mimi nilitumia rimu mbili za karatasi mpaka rimu zenyewe zikahitajika. Miguu ifike chini. Kila dakika 20 angalia kitu cha mbali kidogo, dirishani. Ganzi ya vidole vya kwanza vitatu inayokuamsha usiku ipeleke hospitali mapema, kwa sababu mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono ukicheleweshwa unaweza kuharibika moja kwa moja. Kiti kibovu si jambo la kuvumilia: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wanaokagua. Omba kiti kwa barua, utunze nakala.

Bosi ananitaka kimapenzi. Nikikataa naogopa kazi.

Mdogo wangu, kwanza hujafanya kosa. Sketi yako haina kosa, wala tabasamu lako, ambalo ni sehemu ya kazi.

Kutumia madaraka kudai ngono ili mtu apewe ajira, cheo au haki yoyote ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Sheria ya ajira nayo inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na kuukataza. Tunza ujumbe, usifute hata unaokutia kinyaa. Andika tarehe, saa, maneno, nani alikuwa karibu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mapema, kwa kuwa baadaye atakuwa shahidi kwamba hukutunga. Acha mlango wazi unapoingia kuandikiwa maelekezo. Kama una chama cha wafanyakazi, iwe TUGHE, TALGWU au TUICO, nenda na kiongozi wa tawi, usiende peke yako.

Ukiachishwa kazi kwa ajili ya hili, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30; migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo zinakimbia ukiwa bado unalia. Mtumishi wa umma anaanza na ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Wahudumu, matarishi, madereva na watu wa masijala mbona hawatajwi?

Swali hili aliniuliza mhudumu wa ofisi, na lilinichoma. Yeye anafika saa kumi na mbili asubuhi, anadeki, anapika chai ya watu thelathini, anatumwa na kila mtu, na wa kwanza kumtuma kwa ukali ni sisi makatibu. Hasira tunayoimeza kwa mkubwa tunaitapika kwake. Yule wa masijala analaumiwa kwa faili ambalo ofisa amelifungia kabatini wiki mbili. Dereva anamsubiri bosi hotelini hadi usiku, hajui atakula wapi. Yote niliyosema juu ya saa za kazi, mapumziko na likizo yanawahusu sawasawa. Na katibu ndiye anayeweza kupanga watumwe na mtu mmoja badala ya tisa.

Likizo yangu inaahirishwa kila mwaka kwa kuwa "ofisi haina mtu".

Ni siku 28 zenye malipo kwa mwaka, na mwajiri anapanga wakati, hapangi kama utaipata. Omba kwa maandishi mapema, na uambatanishe jina la atakayekushikia pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo. Nilipoandika ukurasa ule mara ya kwanza niligundua kwa nini sikuwa naruhusiwa: kila kitu kilikuwa kichwani mwangu, na nilijivunia. Ukiugua, sheria inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu, kwa cheti cha daktari.

Nitajuaje kwamba sasa niende hospitali?

Usingizi ukiharibika zaidi ya wiki mbili. Ukilia chooni ofisini bila sababu unayoweza kuitaja. Kifua kikibana, usisubiri, nenda siku hiyohiyo. Ukianza kuhitaji bia au vidonge ili ulale. Ukiona ni heri usingekuwepo duniani, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya kilicho karibu. Watakupa rufaa hadi kwa wataalamu, kama walioko Muhimbili au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili pale Dodoma. Watu wanaogopa jina Mirembe. Nimemsindikiza mwenzangu pale kwa sonona, akarudi kazini, na leo ni mkuu wangu.

Bosi wangu amehamishwa, mpya anaripoti Jumatatu. Nianzeje?

Siku za kwanza ndizo za kupatana, kabla mazoea hayajaota mizizi. Omba dakika kumi na tano Jumatatu ileile, uingie na daftari. Muulize nani anaingia bila miadi, simu za nani zipite, saa ngapi asisumbuliwe, kazi zikigongana nani anaamua, na baada ya saa za kazi umpate au akupate kwa njia gani. Andika majibu mbele yake, kisha umsomee. Mwambie na lile la gari kuonekana nje, mapema, kwa kucheka. Chai anayokunywa usimuulize, atajisemea mwenyewe.